Rais Akikosea, Nani wa Kumwambia? Swali la Mzee wa Mpanda

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.), ambaye ufalme Wake haukuanza kwa kiapo wala hautaisha kwa uchaguzi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nilipe deni. Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, nilialikwa Mpanda, mkoani Katavi, kutoa darsa baada ya swala ya Alasiri. Nilikwenda kwa treni ya kutoka Tabora, ile inayoiacha Reli ya Kati pale Kaliua na kukata kusini, reli iliyojengwa enzi za Waingereza kufuata madini ya risasi. Mada niliyopewa ilikuwa utii kwa viongozi. Nikasoma aya, nikasoma hadithi, nikaona kazi nimeifanya vizuri. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akanyoosha mkono.

"Sheikh," akasema, "mimi nilipozaliwa hapa tulikuwa watu wa Tabora. Nilipokwisha kuoa tukaambiwa sasa ninyi ni watu wa Rukwa, mambo yenu yote yako Sumbawanga. Leo wajukuu zangu ni watu wa Katavi. Nyumba yangu ni ile ile na mwembe wangu ni ule ule, sijahama hata hatua moja. Sasa nauliza. Huyu anayetuhamisha bila sisi kuhama, siku akikosea, nani wa kumwambia?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na kwa kuwa muda wa futari ulikuwa unakaribia nikajibu haraka haraka: "Mzee wangu, kazi yetu sisi ni kuwaombea dua viongozi." Mzee akaitikia amin. Lakini tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni akanisogelea, akaniambia kwa upole, "Dua naijua, Sheikh. Mimi nilikuuliza habari ya mpaka."

Maneno yale nilirudi nayo Dar es Salaam, na hadi leo hayajaniacha.

Kalamu iliyozaa mkoa

Mzee yule hakutia chumvi. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na Mpanda ikatolewa Tabora ikaingizwa humo. Machi 2012, Rais Jakaya Kikwete akatangaza mikoa minne mipya: Katavi, Geita, Njombe na Simiyu. Mpanda ikatoka Rukwa, ikawa makao makuu ya Katavi.

Mamlaka ya kufanya hivyo yamo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 2(2). Rais anaweza kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Vikao hukaa na mapendekezo hupanda ngazi, lakini neno la mwisho ni la mtu mmoja, nalo hutoka katika Gazeti la Serikali. Wananchi wa Mpanda hawakupigiwa kura ya maoni, wala Bunge halikuulizwa kuhusu mkoa mmoja mmoja. Ibara hiyo hiyo inamtaka Rais ashauriane kwanza na Rais wa Zanzibar kabla ya kugawa mikoa ya Visiwani, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa ikampa Rais wa Zanzibar mwenyewe mamlaka hayo. Wanasheria wanabishana mpaka leo kuhusu Katiba hizi mbili zinavyogongana hapo. Kwa hiyo swali la nani achore mipaka, na kwa ruhusa ya nani, si la mzee wa Mpanda peke yake.

Niwe mkweli: kalamu ile ilifanya kheri. Mtu wa Mpanda aliyekuwa na shauri mkoani alipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Sumbawanga, kwa barabara ya vumbi inayopita kwenye hifadhi ya Katavi, na masika ndiyo usiseme. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 564,604 katika eneo la mkoa huo mpya. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 1,152,958. Hebu fikiria umma huo wote ungekuwa bado unafuata huduma za mkoa Sumbawanga!

Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo. Kalamu ikileta kheri hatuulizi mamlaka yake yametoka wapi na yanaishia wapi. Tunapiga makofi. Mimi mwenyewe niliposikia habari ile mwaka 2012 nilipiga makofi. Wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, na barazani utamsikia mtu akisema mkoa tuliletewa na mtoto wetu. Simtuhumu mtu kwa jambo nisilolijua. Ninachosema ni kwamba kauli yenyewe ni ugonjwa. Serikali ya karibu ni haki ya raia. Sisi tunaihesabu kuwa hisani ya ndugu aliyepata cheo. Na anayepokea haki yake kama hisani hawezi kuuliza siku ikinyang'anywa, kwa sababu hisani haidaiwi.

Katiba inasema nini

Wengi wetu tunazungumzia madaraka ya Rais bila kuifungua Katiba, na hali imeandikwa kwa Kiswahili. Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 36 inampa uwezo wa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini. Ibara ya 45 inampa uwezo wa kusamehe waliohukumiwa. Muswada wa Bunge hauwi sheria bila kibali chake, na ibara ya 97 inaeleza kwamba akiukataa, kisha Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, ama aukubali ama alivunje Bunge. Ibara ya 37 inasema kwamba, ukiacha kufuata Katiba na sheria, Rais yu huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale anapotakiwa na Katiba au sheria afanye hivyo. Ibara ya 46 inamkinga asishitakiwe kwa jinai akiwa madarakani, na hata akitoka hashitakiwi kwa aliyoyafanya kama Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge.

Si bure kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kukiri kwamba Katiba inampa Rais madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Mwalimu aliyasema hayo yeye ndiye mwenye madaraka, hivyo anayeyarudia leo asiitwe mchochezi.

Lakini Katiba hiyo hiyo imeweka mipaka. Hachaguliwi mtu kuwa Rais zaidi ya mara mbili, kifungu kilichoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Ndicho kilichomfanya Mzee Ali Hassan Mwinyi akabidhi nchi kwa amani mwaka 1995, na baadhi ya waliomfuata hivyo hivyo. Rais akitangaza hali ya hatari, tangazo hilo lazima lifikishwe kwa Spika na Bunge liliunge mkono kwa theluthi mbili. Ibara ya 46A inaliwezesha Bunge kumshitaki Rais na kumuondoa. Na Waziri Mkuu akishateuliwa na Rais hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe.

Hapo mfano ni yule yule mwana wa Mpanda. Februari 2008, baada ya Kamati Teule ya Bunge kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond, Mheshimiwa Edward Lowassa alijiuzulu. Rais akapeleka jina la Pinda bungeni, Bunge likalithibitisha. Aprili 2012, wiki chache tu baada ya mkoa wa Katavi kutangazwa, Mheshimiwa Zitto Kabwe akaanza kukusanya saini za wabunge ili ipelekwe hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, baada ya taarifa za matumizi mabaya ya fedha za umma. Hoja haikufika kwenye kura. Lakini Mei 2012 Rais alilipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri kadhaa wakaachwa. Kwa hiyo mipaka ile si wino mtupu, wakipatikana watu wa kuisimamia hufanya kazi. Kulalamika bila kuisimamia hakusaidii kitu.

Shura baada ya Uhud

Sasa turudi kwenye dini yetu, maana huko ndiko nilikopaswa kumjibu yule mzee.

Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliwataka shauri masahaba: wabaki ndani ya Madina wajihami, au watoke wakutane na adui? Rai yake mwenyewe ilikuwa kubaki. Vijana wengi waliokosa Badr wakataka kutoka. Akaifuata rai yao. Yaliyotokea Uhud tunayajua: waliuawa masahaba wapatao 70, akiwemo Hamza, ami yake, na yeye mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Lau ingekuwa sisi, siku ya pili tungesema: mmeona? Kuanzia leo sitaki ushauri wa mtu. Lakini aya zilizoshuka baada ya Uhud, katika Surat Aal Imran, zilimwamrisha Mtume (s.a.w.) awasamehe, awaombee maghfira na aendelee kushauriana nao katika mambo. Ni katika aya ya 159. Anayeamrishwa hapo ni mtu anayeteremshiwa wahyi! Ikiwa yeye hakuruhusiwa kuacha shura hata baada ya ushauri kuleta maumivu, ni nani mwingine atakayesema amejitosheleza?

Hapa tuwe waadilifu. Aya hiyo hiyo inaeleza kwamba kiongozi akishaazimia amtegemee Allah (s.w.) na asonge mbele. Nchi haiongozwi na watu mia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo uhuru wa Rais kuamua sio tatizo kwangu, maana mzigo wa uamuzi lazima uwe na mwenyewe. Tatizo ni pale uhuru wa kuamua unapogeuka kuwa uhuru wa kutosikia, na walio karibu naye wanapoisoma ibara ya 37 kana kwamba inawaamuru wanyamaze. Wapo washauri wanaolipwa mishahara kwa kazi moja tu ya kuitikia "ndiyo mzee". Huyo anakula mshahara wa haramu hata kama hajaiba senti.

Utii una mpaka wake

Siku ile Mpanda nilisoma aya ya 59 ya Surat An-Nisaa, inayotuamuru kumtii Allah, Mtume na wenye mamlaka katika sisi. Nakiri kwamba niliisoma nusu. Sikueleza kwamba aya iliyotangulia, ya 58, inawaamuru wenye mamlaka wazifikishe amana kwa wanaostahiki na wahukumu kwa uadilifu. Wala sikueleza kwamba aya ya 59 yenyewe inaendelea: mkikhitilafiana katika jambo, lirudisheni kwa Allah na Mtume. Maana yake ni kwamba raia na mtawala wanaweza kukhitilafiana, na wakikhitilafiana wote wawili wanakwenda mbele ya hukumu iliyo juu yao.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ali (r.a.) kisa cha kikosi alichokituma Mtume (s.a.w.) chini ya kiongozi wa Kiansari. Njiani kiongozi yule akakasirika, akaamuru kuni zikusanywe, moto uwashwe, kisha akawaambia wauingie, kwa kuwa waliamrishwa kumtii. Wakatazamana. Wakasema sisi tulimkimbilia Mtume ili tuokoke na moto, sasa tuingie motoni? Wakiwa katika hali hiyo moto ukazimika na hasira zake zikatulia. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau wangeuingia wasingetoka tena, na kwamba utii ni katika mambo mema tu.

Zingatia, ndugu yangu. Kiongozi yule aliteuliwa kihalali kabisa, tena na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Uhalali wa uteuzi wake haukuihalalisha amri yake. Na wale walioikataa hawakuasi jeshi, hawakumtukana wala hawakumwinulia panga. Walisimama tu, wakakataa kuingia motoni.

Na Abubakar (r.a.) aliposhika ukhalifa, hotuba yake ya mwanzo iliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Mzee wa Mpanda alikuwa anauliza kile kile ambacho Khalifa wa kwanza alikitangaza juu ya mimbari, nami nikamjibu kana kwamba ameuliza jambo la aibu.

Wanaojua moto ni wa Katumba

Katika darsa ile alikuwepo pia kijana mmoja mfanyabiashara wa sokoni, mzaliwa wa Katumba. Wakazi wa mijini huenda hamuijui Katumba. Katumba na Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Mwaka huo, chini ya utawala wa Rais Michel Micombero, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki moja, wengi wao Wahutu. Hakukuwa na Bunge la kuuliza wala mahakama ya kuzuia. Waliookoka walikimbia, na wengi wao wakafyeka misitu hii ya Mpanda wakalima. Mwaka 2014 Tanzania iliwakamilishia uraia zaidi ya watu 162,000 miongoni mwao na wazao wao, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora.

Na miaka ikarudi. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza aligombea kipindi cha tatu, na Mahakama ya Katiba ya Burundi ikampa ruhusa, huku makamu wa rais wa mahakama hiyo akiikimbia nchi na kusema majaji walishinikizwa. Mpaka uliandikwa, lakini waliowekwa kuulinda waliogopa. Kigoma ikapokea tena maelfu kwa maelfu kupitia Ziwa Tanganyika.

Kijana yule aliniambia kwa ufupi: "Baba yangu hakujua Katiba ni nini. Alijua tu kwamba hakuna wa kumkataza mkubwa." Sijawahi kusikia somo la sheria fupi kuliko hilo.

Tufanye nini

Kwanza tuisome Katiba. Msikiti wenye darsa ya fiqhi na darsa ya sira hauwezi kukosa jioni moja ya kusoma ibara ya 8, inayosema mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi, na ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuihifadhi Katiba. Mjue pia kwamba mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, mlalamikaji akatakiwa kuonesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Na mjue kwamba ibara ya 41(7) inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza, na kwamba Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika.

Pili, tusiuache mjadala wa Katiba mpya ufe. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, Bunge Maalum likatoa Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika. Kudai jambo hilo kwa adabu, kwa hoja na bila matusi ni nasaha, na nasaha ni katika dini.

Tatu, na hili ni chungu: tuanze na nyumba zetu. Wapo wenyeviti wa kamati za misikiti wa miaka 20, mahesabu hayasomwi, anayeuliza anaitwa mfitini. Watu wa msikiti kama huo watapata wapi ulimi wa kumuuliza Rais? Mpaka tusioujua msikitini hatutaujua Ikulu.

Jibu langu kwa mzee

Mzee wangu wa Mpanda, kama bado u hai, Allah akuzidishie umri wenye kheri, na kama umetangulia, akurehemu. Uliniuliza habari ya mpaka. Mpaka upo. Umeandikwa katika Katiba, ingawa mahali pengine ni mwembamba na unahitaji kunyooshwa. Na upo mwingine ambao hakuna ibara inayoufuta. Kinga ya ibara ya 46 inaishia kaburini. Huko mbele Rais ataulizwa kwa mikoa yote aliyoichora na kwa kila aliyedhulumiwa ndani yake, na hatakuwa na wakili wala msemaji wa Ikulu.

Lakini hatukuambiwa tungoje Kiyama ndipo mkosaji aambiwe. Uliuliza nani wa kumwambia. Ni wewe uliyenyoosha mkono. Ni mbunge uliyempigia kura, ni hakimu, ni mshauri anayelipwa. Na ni mimi, niliyekuwa nimeshika kipaza sauti siku ile, nikakimbilia futari.

Allah atusamehe. Wabillahi tawfiq.